Naona vitu viwili viwili tangu nipone mafua, na sasa miguu inayumba

Wakala wa Msamvu

Habari za jioni wakuu. Naandika huku jicho la kushoto nimelifunga kwa leso, maana nikiyafumbua yote kioo cha simu kinakuwa viwili na sijui nibonyeze kipi.

Mimi ni wakala wa pesa kwa simu hapa Morogoro, kibanda kiko jirani na stendi ya Msamvu. Nina miaka 36. Sukari sina, presha sina, sigara sijawahi, pombe niliacha kabla sijaoa. Hilo la pombe nalitanguliza makusudi, kwa sababu mtaa umeshakaa kikao na kuamua kwamba nimerudia.

Ilianza na mafua. Mji kasoro bahari kipindi cha baridi mnaujua, ukungu wa Uluguru ukishuka kila nyumba inakohoa. Kwangu tuliugua wote: pua zinatiririka, koo linakwaruza, homa za usiku. Mimi kikohozi kilinikalia kidogo kuliko wengine. Tukanywa tangawizi na limau, tukapona, nikarudi kazini.

Kama wiki hivi baadaye, asubuhi, mteja akanipa noti ya elfu kumi. Nikaona mbili. Si ukungu wala si kiwi, ni noti mbili safi kabisa, moja imekaa ubavuni mwa mwenzake na imepanda juu kidogo. Nikanyoosha mkono kwa ile ya kulia, nikakamata hewa. Mteja akacheka akidhani ni mzaha. Kufika mchana namba za simu zikaanza kupandana, saba inalalia nne, ikabidi kila mteja anisomee namba mwenyewe, na jina likitokea anisomee pia. Jioni natoka, nataka kuvuka barabara, zikaja bodaboda mbili zenye dereva mmoja. Ya kweli ipi? Nilisimama hadi zote zikapita.

Siku zilizofuata kope zikawa nzito, ya kushoto zaidi. Kisha miguu. Nguvu ninazo, gunia la mchele nanyanyua, ila mguu haufiki pale nilipoutuma. Nikishika ukuta natembea, nikiuachia naenda mrama. Ncha za vidole vya mikono zina ganzi na zinachomachoma. Kichwa hakiumi. Macho hayaumi, hayawashi, si mekundu.

Zahanati walipima malaria, hakuna. Wakanipa matone ya macho na vitamini. Matone yameisha, na sasa naona chupa mbili tupu. Nikaenda duka la miwani. Kijana akanifunika jicho moja nikasoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa, akanifunika la pili nikasoma tena wote. Akasema macho yangu mazima, halafu akaniuzia miwani ya kukinga mwanga wa simu. Ninayo hapa, nikiivaa naona vitu viwili vyenye rangi ya samawati.

Mama mkwe anasema ni husuda, kwa sababu kuna jirani kafungua kibanda cha uwakala ng'ambo ya barabara. Mama mkwe namheshimu, lakini huyo jirani ndiye aliyenishika mkono juzi kunivusha.

Swali langu: mafua yanaweza kuleta kitu kama hiki? Na niende kwa nani, daktari wa macho au wa kichwa?

Kijana wa Makorora

Pole sana mkuu. Mafua yana mambo. Mimi mwaka juzi nilitoka kwenye mafua, nikaamka nimepinda uso upande mmoja. Chai inatoka pembeni ya mdomo, jicho halifungi, kupiga mluzi siwezi. Hapa Tanga wazee wakasema nimepigwa na upepo mbaya. Hospitali wakanipa vidonge vya predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, siku ileile, wakaniambia niwe nalifunga jicho usiku kwa gundi ya karatasi lisikauke. Uso ulirudi wote. Nunua predinisoloni duka la dawa uanze mapema, ukichelewa haifanyi kazi.

Bint Mzuzuri

Kaka usipuuze upande wa pili pia, soma dua. Halafu mbona mapema mwaka 2024 nchi nzima macho yalikuwa mekundu, na hilo nalo lilikuwa kirusi? Labda masalia yake.

Tabibu Mstaafu wa Macho

Kijana wa Msamvu, nina maswali, nijibu kabla hatujafika mbali.

Ukifunika jicho moja, lolote lile, vile viwili vinabaki viwili au kinakuwa kimoja?

Kope zinalegea sawasawa kutwa nzima, au asubuhi nafuu na jioni ndiyo zinaanguka?

Unameza maji vizuri? Sauti imebadilika? Ukilala chali pumzi inatosha?

Umepima VVU karibuni? Usichukie swali hilo, nina sababu yake.

Na kuna mtu yeyote aliyekugonga goti kwa kinyundo?

Wakala wa Msamvu

Shikamoo mzee wangu. Asante kwa kunijibu.

Nikifunika moja kinakuwa kimoja, ndiyo maana ya leso. Nimejaribu yote mawili, ni vilevile.

Kope ni nzito asubuhi hadi jioni, hakuna tofauti.

Maji yanapita. Sauti mke wangu anasema ni yangu. Pumzi sijaona shida.

VVU tulipima na mke wangu kliniki ya ujauzito mwaka huu, hatuna.

Kinyundo hapana. Walinigonga mfukoni tu.

Tabibu Mstaafu wa Macho

Marahaba. Hapo kwenye leso ndipo penye jibu lako, na yule kijana wa miwani alipita juu yake.

Mtu akifunika jicho moja na bado anaona viwili, tatizo liko ndani ya jicho lenyewe: mtoto wa jicho umeanza, kioo cha mbele kina kovu, au anahitaji miwani. Akifunika moja na kikabaki kimoja, kila jicho ni zima, ila mawili hayaelekei mahali pamoja. Hapo matone hayasaidii, na miwani ya dukani vilevile.

Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza, na misuli hiyo inaendeshwa na mishipa mitatu ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Mmoja unalivuta jicho kwenda nje. Mwingine unalishusha likitazama puani, huo ukichoka mgonjwa anakuambia hawezi kushuka ngazi. Wa tatu unafanya kazi zote zilizobaki, pamoja na kuinua kope. Jicho moja likichelewa hata kidogo, ubongo unapokea picha mbili na unakuonyesha zote.

Ungekuwa na macho tu ningekuambia mambo mengi. Sukari huweza kupooza mshipa mmoja wa jicho ghafla. Ugonjwa wa misuli kuchoka, ule ambao kope huanguka jioni, nilikuuliza. VVU nilikuuliza kwa sababu nimewaona wagonjwa wengi Kanda ya Ziwa waliokuja kliniki ya macho wakilalamika kuona viwili, na kichwa kinauma vibaya, kumbe ni fangasi kwenye utando wa ubongo, presha ya ndani ya kichwa imebana mshipa. Hao ukiwapa miwani unawazika.

Lakini wewe una mambo matatu kwa pamoja, tena baada ya mafua: macho yasiyogeuka sawa, mwili kuyumba wakati nguvu zipo, na ganzi ya vidole. Charles Miller Fisher, daktari wa Kanada, aliandika mwaka 1956 juu ya wagonjwa watatu wenye macho yaliyokwama, mwendo wa kuyumba, na magoti yasiyoruka yakigongwa. Ugonjwa ukachukua jina lake. Ni tawi la ule mkubwa wa Guillain-Barré, unaopooza mtu kuanzia miguuni kwenda juu, ulioelezwa na madaktari wa jeshi la Ufaransa mwaka 1916 baada ya kuwaona askari wawili.

Kirusi hakijakuingia machoni. Kinga ya mwili ilipigana nacho puani na kifuani, ikatengeneza silaha za kukitambua kwa alama za juu yake. Sasa mishipa ya macho ina mafuta fulani kwenye ganda lake, na mafuta hayo yanafanana na alama zile. Ni sawa na mgambo aliyeambiwa akamate mtu wa shati jekundu: mwizi ameshakimbia, yeye anakamata kila shati jekundu sokoni. Ndiyo maana ugonjwa hutokea baada ya kupona, wiki moja au mbili hivi, wakati mgonjwa mwenyewe mafua ameshayasahau. Mara nyingi chanzo huwa ni maambukizi ya njia ya hewa, mara nyingine kuharisha. Hata Uviko-19 ilipoingia, mwaka 2020 madaktari wa Madrid waliandika juu ya mgonjwa wa namna hii.

Mimi sijakuona, kwa hiyo sisemi ndio huo. Nasema uende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, hospitali ya rufaa, tena kesho. Si kwa sababu ya macho. Wengi wenye huu wa Fisher hupona hata bila dawa. Hofu ni kwamba baadhi yao huteleza wakaingia kwenye ule mkubwa, miguu ikapooza, kisha kifua.

Kijana wa Makorora, wewe ulitibiwa vizuri. Uso kupinda namna yako, predinisoloni ndani ya siku tatu za mwanzo inasaidia kweli. Lakini vidonge hivyohivyo kwenye Guillain-Barré vimejaribiwa na havikusaidia, na kuna dalili kwamba vinachelewesha kupona. Magonjwa hayo mawili yote huweza kuja baada ya mafua, na yote huweza kugusa jicho, sasa mtu wa duka la dawa atayatofautisha vipi? Usimnunulie mwenzako dawa iliyokuponya wewe.

Bint Mzuzuri, yale macho mekundu ya 2024 yalikuwa kirusi kweli, lakini yale huwasha, hutoa tongo na kuambukiza nyumba nzima. Huyu kaka macho yake meupe. Ila umenikumbusha jambo. Mwaka 1969 macho mekundu yalizuka Ghana, watu wakayaita Apollo kwa sababu yalikuja msimu ule ambao Wamarekani walitua mwezini. Baadhi ya watu wa Nigeria wanayaita hivyo mpaka leo bila kujua kwa nini. Kirusi kile kiliwapooza miguu wagonjwa wachache, macho yakiwa yameshapona. Kwa hiyo jicho na mshipa si mambo ya kutenganisha sana.

Mlezi wa Kaka

Naomba niongezee, kwa sababu kaka yangu aliupata huo mkubwa, Mwanza. Alianza hivihivi na ganzi, tukasema amechoka. Usiku wa pili akashindwa kuinua shingo kutoka kwenye mto. Hatukujua kwamba shingo ikilegea kifua kinafuata. Alikaa kwenye mashine ya kupumulia wiki kadhaa. Leo anatembea, anafundisha, ila ndala zinamponyoka, mguu mmoja haujarudi wote.

Nesi wa ICU alitufundisha kitu ambacho mpaka leo nawafundisha watu. Vuta pumzi moja, hesabu kwa sauti ya kawaida moja, mbili, tatu, bila kuvuta nyingine. Mtu mzima mzima anafika ishirini na kupita. Ukiona asubuhi umefika ishirini na jioni unakatikia kumi na mbili, ondoka saa hiyohiyo, usisubiri gari la asubuhi. Na ukianza kupaliwa na maji, usinywe tena chochote nyumbani.

Mkuu, mwambie mke wako akuhesabishe usiku huu.

Wakala wa Msamvu

Nimehesabu, nimefika ishirini na saba. Mke wangu alikuwa anahesabu na mimi, akaishia kumi na tisa, sasa ana hofu yeye.

Asubuhi tunapanda treni ya SGR kwenda Dar. Asanteni, nitarudi kusema.

Tabibu Mstaafu wa Macho

Mkeo ajaribu tena bila kucheka. Safari njema. Bima ubebe, na ukifika usianze na neno macho. Ukisema macho utapangwa foleni ya macho. Sema: nilikuwa na mafua, sasa naona viwili, nayumba, vidole vina ganzi.

Wakala wa Msamvu

Wakuu nimerudi, na nimeandika hii bila leso, ingawa kwa kuinamisha kichwa.

Mzee Tabibu, ile sentensi yako niliikariri kwenye treni, nikaisema mapokezi neno kwa neno. Yule dada aliniangalia, akaita daktari kijana, naye akaisikiliza akamwita mkubwa wake. Kwenye benchi la macho sikukaa kabisa.

Daktari mkubwa ni mama mmoja mtaratibu sana. Alisimamisha kalamu mbele ya pua yangu akaipeleka kulia, kushoto, juu, chini, macho yangu yakawa yanafika nusu njia na kugoma. Akaniambia nitembee juu ya mstari wa vigae, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine. Hatua ya tatu nilikuwa nimeegemea kabati la mafaili. Kisha akanikalisha kitandani miguu inaning'inia, akatoa kinyundo cha mpira. Goti la kulia, kimya. La kushoto, kimya. Akanitaka nikamate vidole vya mkono huu kwa mkono huu na kuvuta kwa nguvu, akagonga tena. Kimya. Vifundo vya miguu, viwiko, vyote kimya. Mke wangu alikuwa pembeni, daktari akamgonga yeye kidogo kunionyesha, mguu wake ukaruka nusura umpige teke. Nilikaa naangalia magoti yangu manne yasiyojibu.

Walipiga picha ya kichwa, safi. Wakanitoa maji ya uti wa mgongo: unalala ubavu, unajikunja magoti yaguse kidevu, sindano inaingia kiunoni. Maneno ya mtaani kwamba ukitolewa maji hayo unapooza, nilimuuliza, akasema anayasikia kila wiki, na kwamba wanaopooza ni wale waliokuwa na ugonjwa tayari na walichelewa kuja. Majibu yalisema protini imepanda, na chembe nyeupe za kinga hazipo za kutosha kusema ni maambukizi. Akasema kwa picha hiyo na magoti yale, ni Miller Fisher. Kuna kipimo cha damu cha kutafuta hizo silaha zilizokosea njia, hatukukifanya, alisema hakitabadilisha matibabu yangu.

Nililazwa. Si kwa dawa, kwa ulinzi. Kila zamu nesi ananipulizisha bomba na kuniambia nihesabu, ananikunjisha shingo, ananyanyua miguu yangu. Wodi nzima ikajua kuhesabu, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanashindana. Dawa ya kingamwili ya kutundika kwenye dripu ipo na ni ghali sana, daktari akasema anaiweka akiba endapo miguu au kifua vitaanza kulegea. Havikulegea. Nikaruhusiwa.

Sasa hivi miguu imekuwa ya kwanza kurudi, naenda msikitini mwenyewe. Ganzi inapungua. Kope zimepanda. Macho ndiyo ya mwisho, mbele naona kimoja, nikitazama pembeni kulia vinagawanyika. Daktari alisema miguu huwa na haraka kuliko macho, na macho yanaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Kinyundo nilipigwa tena kliniki ya marudio, goti bado limenuna, akasema hilo lisinisumbue.

Kibandani anakaa mke wangu. Mama mkwe anasema dua zake zimejibu, na mimi sibishani naye.

Mama Ilham

Alhamdulillah kaka, tumefurahi. Mzee Tabibu samahani naingilia uzi. Mwanangu ana miaka minne, alitoka kwenye mafua makali, sasa jicho moja limeingia ndani upande wa pua, kengeza ambalo hakuwa nalo. Anageuza kichwa pembeni akitazama katuni. Nimfunge jicho kama huyu kaka?

Tabibu Mstaafu wa Macho

Mama Ilham, usimfunge mwenyewe. Mtu mzima anaweza kufunika jicho lolote ili apate kufanya kazi zake, haliharibiki. Mtoto wa umri huo ubongo wake bado unajifunza kuona. Jicho lililofunikwa muda mrefu bila mpango linaachwa nyuma na kusahauliwa, na kulirudisha ni kazi.

Anavyogeuza kichwa ni kwa sababu amegundua upande ambao haoni viwili. Mshipa unaovuta jicho kwenda nje unaweza kuchoka baada ya mafua kwa watoto, na mara nyingi unarudi wenyewe. Lakini hilo husemwa mwishoni, baada ya daktari kuangalia nyuma ya jicho kwa tochi yake kama presha ya kichwa imepanda, na pengine baada ya picha. Uvimbe kichwani nao huanza na kengeza la ghafla hivyohivyo.

Anatapika asubuhi? Analalamika kichwa? Anayumba akikimbia? Kimoja kati ya hivyo kikiwepo, ni leo. Kama hakipo, ni wiki hii. Uko mkoa gani?

Mama Ilham

Lindi. Kutapika hapana. Kichwa anashika wakati mwingine, sijui kama ni mchezo.

Tabibu Mstaafu wa Macho

Mchezo au si mchezo, mtoto wa miaka minne akishika kichwa tunahesabu kinauma. Nenda leo hospitali ya mkoa, uombe barua ya rufaa ukiwa hukohuko. Na picha zake za zamani kwenye simu usizifute, beba. Daktari atataka kuona macho yalikaaje kabla ya mafua.